Sauti ya Upanga wa Mlinzi

3 Machi

Mvua imeanza leo, katikati ya kipindi cha hesabu. Mwalimu alijaribu kushindana na bati, akashindwa, akaweka chaki mezani na kukaa. Tukabaki tunatazamana mpaka kengele, ambayo pia hatukuisikia.

Kaka amerudi kutoka karakana na kipande cha bomba la alumini ndani ya koti. Amekilaza juu ya daftari langu.

"Haya, Profesa. Lete ule mchoro."

Mchoro ni wa upanga wa Mlinzi. Hadithi ya Mlinzi wa Kituo cha Saba nimeiandika tangu nina miaka tisa. Sasa nina kumi na sita na imejaza madaftari manne. Kituo chenyewe kinaelea mbali sana na jua. Upanga wa Mlinzi hauna makali, ni fimbo ya mwanga, na kabla haujawaka unavuma. Adui husikia ule mvumo gizani kabla hajaona kitu, na wengi hukimbia kwa sauti tu. Aliyewahi kusoma hadithi hii ni Kaka peke yake.

Mwezi wa tano shuleni kuna Siku ya Wasomaji. Kila aliye katika chama cha maktaba atasimama mbele ya shule nzima asome kurasa mbili alizoandika mwenyewe, huku ameshika kitu kimoja kilichotoka katika hadithi yake. Nilimwambia Kaka kwamba siku hiyo nitaumwa tumbo. Sauti yangu haifiki dawati la pili. Mwalimu wa fasihi ananiita Bi Mnong'ono, na hata kumjibu kwamba sipendi nilimjibu kwa mnong'ono.

"Huumwi kitu," Kaka amesema. "Upanga utaongea kwanza. Watu wakishanyamaza, wewe unafuata."

4 Machi

Mvua. Mtihani wa jiografia.

9 Machi

Baada ya shule nimepita karakana. Kaka ni mkereza chuma. Mashine inazungusha kipande, yeye anasogeza kisu polepole, na chuma kinamenyeka kama ganda la chungwa. Leo alikuwa anakereza mpini wa upanga wangu wakati wenzake wanakula. Zamani aliniambia siri ya kazi: macho yanachelewa, sikio ndilo linalojua. Kisu kikianza kuwa butu, sauti inabadilika kabla hujaona alama yoyote kwenye chuma. Wakereza wengine humwita aje asikilize mashine zao.

Leo kisu kimevunjika mkononi mwake. Mimi nilisikia sauti imekuwa mbaya, kama mtu anayesaga meno, nikafikiri ndivyo alivyotaka. Mpini umeharibika.

Bosi akatoka ofisini na kikombe chake cha chai. "Wewe siku hizi unakereza au unachimba viazi?"

Wote wakacheka. Kaka naye akacheka, ila amechelewa, wenzake walipokuwa wameshamaliza.

Aliyekuja kuokota vipande vya kisu ni Baba Mapacha, mchomeleaji. Ana mikono yenye makovu madogo madogo ya cheche na ndiye mtu pekee pale anayeniuliza ninasoma kitabu gani. Alimpiga Kaka begani akasema, "Kila mtu ana siku yake mbaya, bwana."

16 Machi

Mpini wa pili umetoka vizuri. Umekaa mkononi mwangu kana kwamba alipima vidole vyangu nikiwa nimelala. Una mistari sita ya kuzunguka ili usiteleze, na chini kuna mfuniko wa kuskurubu wa kuingizia betri. Nimeuzungusha mfuniko huo mara hamsini.

21 Machi

Mama amemkasirikia Kaka. Alimwita kutoka jikoni, akamwita tena, akamwita kwa jina lake la shule. Kaka alikuwa sebuleni anatazama mpira, sauti ya televisheni iko juu mpaka glasi zinatetemeka kabatini.

"Huyu mtoto amekuwa na kiburi," Mama aliniambia. "Nikimwita ananiacha niite kama kondakta."

"Ni mvua, Mama. Hata mimi sisikii."

Ni kweli. Msimu huu nyumba yetu yote haisikii. Tunaongea kwa mikono na kwa nyusi, na kila jambo tunasema mara mbili.

28 Machi

Nimemsomea Kaka zile kurasa mbili. Ni pale Mlinzi anaporudi kituoni na kukuta dada yake amezimika, kwa sababu watu wa Kituo cha Saba hawafi, wanazimika. Nimeifanyia kazi sehemu hiyo wiki tatu. Nilisoma nikiwa nimeinamisha kichwa.

Nilipofika anapogusa uso wa dada yake, Kaka akacheka. Akasema, "Hapo umewapata! Watavunjika mbavu."

Nimefunga daftari. Nimemwambia naumwa kichwa.

Sitamsomea tena. Nimekuwa nikidhani yeye ni mtu wa aina fulani, kumbe ni kama wale wa nyuma ya darasa. Tena wale hucheka wakijua wanachochekea.

29 Machi

Sijaongea naye.

30 Machi

Sijaongea naye. Sidhani kama ametambua.

5 Aprili

Ameleta bomba jeupe la plastiki linalopitisha mwanga, na mkanda wa taa ndogo ndogo za buluu, amesimama mlangoni amelowa chapachapa, anatabasamu. Nimeshindwa kuendelea kununa. Tumezipanga taa pamoja hadi chakula kikapoa.

12 Aprili

Nimekwenda kwa fundi redio, yule mwenye kibanda nyuma ya posta, kutafuta sauti. Nilisimama dirishani muda mrefu kabla hajaniona.

"Unataka nini, mwanangu? Ongea, redio zote hizi zimekufa, hazitakuingilia."

Nikamweleza: kitu kinachovuma, chembamba, kama nyuki ndani ya chupa. Hakunicheka. Alitafuta ndani ya kopo la maziwa akatoa kidude cha nyaya chenye spika ndogo kama kifungo cha koti na tundu la betri yake peke yake. Pembeni kina skurubu. Ukiizungusha huku sauti inapanda, huku inashuka. Nimeizungusha mpaka nywele za mikono zikasimama, nikamwambia hapo hapo.

19 Aprili

Naandika polepole leo, nisije nikaandika kitu kisichokuwa.

Leo tumeukamilisha upanga. Karakana ilifungwa mapema, Mama alikuwa bado kazini kwake, kwenye ofisi anazozisafisha. Kaka alikaza taa, mimi nikaingiza kidude cha sauti chini ya mpini, nikatia betri yake, nikafunga mfuniko. Mvua ilikuwa imekatika kwa mara ya kwanza baada ya siku nne. Nyumba ilikuwa na utulivu hata nikasikia maji yakidondoka kutoka kwenye paa hadi kwenye ndoo.

Kaka akafunga mapazia. Akasema, "Profesa, fanya kazi yako."

Nikabonyeza. Mwanga ukapanda taratibu kutoka mkononi mwangu hadi ncha, wa buluu, mzuri kuliko nilivyouchora. Sauti haikutoka. Hakuna kitu kabisa. Nilijua papo hapo kwamba nimeweka betri kichwa chini, maana tundu lile halina alama. Nilifungua mdomo nimwambie ngoja.

Kaka alikuwa ameinua kidole kimoja, ameinamisha kichwa upande, amefumba macho, kama anavyosikiliza mashine. Akaitikia kwa kichwa polepole.

"Safi sana," akasema. "Ni nyuki kabisa. Umesikia inavyopanda?"

Nikamtazama. Nilingoja acheke. Huwa ananitania, angeweza kuwa anatania. Lakini alifumbua macho akanitazama kwa wasiwasi, kama mwanafunzi aliyejibu swali na hajui kama amepatia.

"Nimesikia," nikasema.

Baadaye alikaa kwenye kigoda mlangoni akipiga msasa kingo za mfuniko, amenipa mgongo. Nilisimama hatua mbili nyuma yake. Nikasema, "Kaka." Nikasema, "Kaka, nyumba inaungua." Kisha nikasema kwa sauti kubwa kuliko yote niliyowahi kutoa ndani ya nyumba hii, "Kaka!" Kuku wa jirani akaruka ukutani. Kaka akapuliza vumbi la msasa, akaendelea.

Kumbe hakucheka hadithi yangu. Aliniona nimeinama, midomo inacheza, akahisi nimefika mahali panapotaka jibu, akabahatisha.

Na kile kisu. Na Mama kuita. Na kicheko kilichochelewa. Nimekaa kitandani navipanga kimoja kimoja na kila kimoja kinaingia mahali pake.

20 Aprili

Nimegeuza betri nyumbani kukiwa hakuna mtu. Upanga unavuma vizuri sana. Nimeuzima haraka, nikairudisha betri kama ilivyokuwa. Sijui kwa nini.

22 Aprili

Nilitaka kumwambia Mama. Alikuwa amelowesha miguu kwenye beseni, amechoka. Sikusema.

23 Aprili

Nilitaka kumwambia Kaka mwenyewe. Lakini hajaniambia, na mtu asipokuambia jambo lake, ni lake. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Halafu akitolewa kwenye mashine atafanya nini? Tangu ana miaka kumi na saba hajui kazi nyingine, wala hataki.

25 Aprili

Mvua. Sikusema.

28 Aprili

Nimepita karakana na kusimama nje ya lango. Sasa nikimtazama naona kazi mbili. Mikono inakereza, na macho yanawawinda watu. Mtu akimkaribia, anaangalia mdomo kwanza. Mtu akiwa nyuma yake, hayupo. Baba Mapacha alimtania jambo wakiwa wamepeana migongo na Kaka hakujibu. Baba Mapacha akamtazama kidogo, akavaa kinyago chake akaendelea kuchomelea. Nikajiuliza kama naye anajua. Nikaona afadhali angejua yeye, aseme yeye.

2 Mei

Mvua. Sikusema.

6 Mei

Kaka amerudi saa nane mchana, shati lina damu. Si yake.

Walikuwa wananyanyua mhimili wa lori kwa winchi. Mnyororo ukaanza kuteleza. Karakana nzima ikapiga kelele, kila mtu akaruka pembeni, isipokuwa Kaka, ambaye alikuwa ameinamia mashine yake chini kabisa ya ule mhimili. Walimwita kwa jina. Bosi anasema walimwita mara nne. Baba Mapacha alikimbia akamsukuma kwa mabega yote mawili. Kaka alianguka juu ya maranda ya chuma. Mhimili ulitua juu ya mguu wa Baba Mapacha.

Kaka alitueleza haya amesimama katikati ya sebule, hataki kukaa kwenye kiti kwa sababu ya damu. Anaongea kwa sauti kubwa mno na hajui.

"Alikuwa ananitazama," alisema. "Amelala pale, mdomo wake unasema kitu kimoja tu, kinarudiarudia. Nikainama nikausoma. Alikuwa ananiuliza, umeumia? Umeumia?"

Mama akamshika mkono. "Kwani wewe hukusikia wanakuita?"

Nilimwona akitafuta uongo. Ameutafuta usoni mwa Mama, kisha usoni mwangu, kisha akauacha.

"Sisikii, Mama. Kushoto hakuna kitu tangu mwaka jana. Kulia kunakwisha. Nilidhani nitazoea kabla mtu hajajua."

Mama alikaa chini, sakafuni, pale pale. Akasema, "Na mimi nakuita mwenye kiburi." Kaka hakuona mdomo wake, kwa hiyo hakusikia.

Nilikuwa nimesimama karibu na kabati. Hakuna aliyeniuliza kitu.

7 Mei

Baba Mapacha amekatwa vidole viwili vya mguu. Kisigino kimepasuka. Hawajui kama ataweza tena kusimama kwa kazi ya siku nzima.

Kaka amekwenda kwa Bosi akamweleza mwenyewe. Bosi hakufoka. Kaka anasema heri angefoka. Alimtazama tu, kisha akaandika kwenye karatasi ili ieleweke: STOO, SI MASHINE. Sasa anahesabu nati na bolti na kuwapa wenzake kupitia dirishani.

10 Mei

Daktari wa masikio amesema ni kelele za karakana, miaka saba bila kitu masikioni, na pia ni jambo la kuzaliwa nalo. Mjomba mmoja wa Mama alikuwa hivyo hivyo, kumbe. Kilichokwenda hakirudi. Kinachobaki kinaweza kusaidiwa kidogo na vifaa, kwa muda.

Kaka aliomba aandikiwe maneno "kwa muda" yana maana gani. Daktari akaandika. Kaka akakunja karatasi, hajatuonyesha.

14 Mei

Leo ilikuwa Siku ya Wasomaji. Nimekaa chooni hadi ikaisha.

18 Mei

Tumekwenda kumwona Baba Mapacha nyumbani kwake. Kaka hakutaka kwenda peke yake, na mimi nilikuwa na sababu yangu.

Alikuwa amekaa barazani, mguu umefungwa, umewekwa juu ya kreti la soda. Mapacha wake, wasichana wa miaka mitano, wamechora maua kwenye bandeji kwa kalamu ya wino. Mkewe alitoa viti akarudi ndani kupika. Majirani walikuwa wanaanika nguo, kwa sababu leo jua limetoka.

Kaka alianza kuomba msamaha. Baba Mapacha akamkatiza kwa mkono, akaongea kwa midomo mipana, polepole, hata mimi nikaona amejizoeza. "Nimeshasema. Basi. Ukiendelea nitakurushia hili kreti."

Kisha akanigeukia. "Na Profesa? Siku hizi unasoma nini?"

Nikamwambia. Nilisogeza kiti karibu naye, nikasema kwa sauti yangu hii, nikitazama yale maua ya wino. Nilisema kwamba nilijua. Kwamba wiki mbili na siku tatu kabla ya ule mhimili, mimi nilijua Kaka hasikii, na sikumwambia Mama, wala Bosi, wala yeye Baba Mapacha, aliyekuwa anafanya kazi mita tatu kutoka kwa Kaka. Nilisimama hata langoni pao, nikarudi nyumbani.

Baba Mapacha alishusha macho kwenye mguu wake.

"Anasema nini?" Kaka akauliza.

Akamgeukia Baba Mapacha.

"Anasema nini? Mbona umebadilika uso?"

Baba Mapacha akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, na nadhani mguu ulikuwa unamuuma. "Mwambie mwenyewe," akasema. "Na mwambie asikie."

Nikamgeukia Kaka nikasema. Akaweka mkono nyuma ya sikio la kulia. Nikasema tena. Akatikisa kichwa: hapana.

Nikasimama. Sijui sauti ile ilitoka wapi. "Nilijua! Nilijua tangu tarehe kumi na tisa! Nilijua husikii na nikanyamaza!"

Wale wa nguo wakageuka. Mke wa Baba Mapacha akatoka na mwiko mkononi. Mapacha wakashikana. Nilikuwa nimesimama mbele ya mtaa mzima na Kaka ananitazama mdomo kama vile maneno bado yanatoka.

"Ulijuaje?"

"Upanga haukulia! Ulisema ni nyuki, na haukulia! Betri ilikuwa kichwa chini!"

Alikaa na jambo hilo. Nililiona likishuka ndani yake. Nilifikiri atanipiga, ingawa hajawahi kunipiga. Aliuliza, taratibu sasa, karibu kama ninavyoongea mimi, "Kwa hiyo nilikuwa nasikiliza nini?"

Baba Mapacha akaangalia pembeni. Mkewe akamwita mmoja wa mapacha, kisha wa pili, wakaingia ndani.

Tumerudi kwa miguu. Kwenye kona ya posta nikaanza kulia, na yeye, aliyekuwa hatua moja mbele, hakujua mpaka alipogeuka kuangalia magari.

19 Mei

Hajaongea nami. Safari hii ametambua.

21 Mei

Vivyo hivyo. Mama anajua sasa. Alisema tu, "Nyie watoto wangu, kila mmoja na chumba chake ndani ya chumba kimoja."

26 Mei

Jua siku tatu mfululizo. Mitaro imeanza kunuka.

Kaka ameingia chumbani na upanga. Ameuweka mapajani mwangu. "Weka betri vizuri."

Nikaiweka. Nikabonyeza. Mwanga ukapanda na sauti ikapanda nao. Mama akapiga kelele kutoka jikoni, "Zimeni hicho kidude, kinaniingia kwenye meno!"

Kaka alikuwa anaangalia uso wangu. "Inalia?"

"Inalia."

Akachukua upanga akaweka spika kwenye sikio la kulia. Akabadilisha, kushoto. Akarudisha kulia. Alikaa hivyo muda mrefu, mwanga wa buluu umempaka shavu lote, na nilimwona akitafuta. Kisha akashusha.

"Ikoje?"

Nilianza kumweleza kwa mdomo, nikashindwa. Akachukua daftari langu la nne, akalifungua kwenye ukurasa mtupu mwishoni.

"Wewe si ndiye mwandishi? Iandike."

29 Mei

Shule imefungwa.

Nimeandika siku tatu. Nimeandika ni kama nyuki ndani ya chupa, nikakata, kwa sababu hata nyuki sijui kama anamkumbuka vizuri. Nimeandika ni nyembamba kama uzi unaovutwa kutoka kwenye kitambaa, bila kukatika, na kwamba mwanzoni unadhani iko mbali, halafu unagundua iko ndani ya meno yako. Nimeandika kwamba ukiisogeza hewani inainama. Nimejaza ukurasa mzima, pande zote mbili.

Leo jioni amekaa kwenye kigoda mlangoni akausoma. Amesoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Alipomaliza alirudi juu akaanza tena. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake, mahali anapoweza kuniona.

Alinirudishia daftari.

"Hapana," alisema. "Siisikii."

Hakutabasamu, wala hakunitazama kutafuta kama amepatia. Nikakaa chini kwenye kizingiti, nikachora mstari juu ya ukurasa wote, nikafungua mwingine.